Madaftari Mawili ya Mativo

Kabla ya alfajiri, kopo liligonga ndoo chooni. Muthoki alifumbua macho. Hiyo ilikuwa mara ya pili mumewe kwenda haja usiku huo. Aliamka polepole ili asimwamshe mtoto wao Koki, akawasha gesi na kupika uji mwepesi. Uji huo ulimkubali Mativo hata tumbo lilipomsumbua.

Waliishi mtaa wa Umoja, ghorofa ya pili. Mativo alikuwa dereva. Kwa miaka mitatu alikuwa na ugonjwa wa uvimbe wa utumbo. Ugonjwa huo hauambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, hugeuka na kuushambulia utumbo. Utumbo huvimba na kutoka vidonda. Ili kuituliza kinga hiyo, Mativo alimeza vidonge kila siku.

Asubuhi hiyo alivaa shati lililopigwa pasi. Mezani aliweka daftari jipya.

"Baba Koki, umerudi darasa la kwanza?" Muthoki alimtania. "Hilo daftari ni la nini?"

"La kliniki. Leo nachanjwa homa ya manjano. Gichuru amesema bila kadi ya chanjo hiyo, sivuki mpaka kwenda Kampala."

Muthoki alijua. Mativo alikuwa amekaa miezi saba bila kazi. Gichuru, mwenye malori, alikuwa amemwahidi safari za Kampala kuanzia Jumatatu.

"Na lile daftari la zamani, lenye habari zote za tumbo lako?"

Mativo aliinamisha kichwa. "Hilo linabaki. Nikienda nalo, nitaulizwa habari za choo mbele ya foleni nzima. Kisha wataandika sifai kazi. Na jipya halina neno ndani. Nani atajua?"

Muthoki alilichukua daftari la zamani kabatini. Kwenye jalada, daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: ONYESHA KABLA YA CHANJO YOYOTE.

"Hutoki hapa kabla hatujamuuliza Mama Kweyu," alisema.

"Unataka wapangaji wote wa ploti wajue?"

"Mama Kweyu hasemi ya watu."

Asenath, mama yake Kweyu, alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Aliishi ghorofa ya juu. Alipoitwa, alishuka na kanga begani, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake bila kuambiwa. Muthoki aliuona wema huo, akamshukuru moyoni.

Asenath alisoma daftari la zamani kwa makini.

"Baba Koki, hivi vidonge vinapunguza nguvu za kinga yako. Unalijua hilo?"

"Najua. Ndiyo maana mwaka jana nimonia ilinilaza wiki mbili."

"Sasa nisikilize. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, ila vimedhoofishwa. Mtu mwenye kinga nzima huvishinda. Wewe vinaweza kukushinda."

 

"Basi niache vidonge wiki moja," Mativo alisema. "Nichanjwe, kisha niendelee."

"Hata kidogo! Nguvu ya dawa hukaa mwilini muda mrefu. Na ukiiacha, utumbo utawaka tena. Dawa haibadilishwi mpaka daktari aseme."

"Kumbe chanjo si za watu kama yeye," Muthoki alisema.

"La, mama. Hapo ndipo wengi hukosea. Chanjo nyingi hazina kitu hai ndani. Ya mafua makali, kwa mfano, na ya nimonia. Hizo hazimletei ugonjwa zinaoukinga, na yeye anazihitaji kuliko mimi. Lakini mimi si daktari. Twendeni kwa anayemtibu, na daftari hili la zamani."

Walienda watatu. Daktari alimwita Mativo katika chumba cha peke yake. Hakuna aliyemuuliza habari za choo kwenye foleni.

"Asante kwa kuja na daftari," daktari alisema. "Homa ya manjano hutachanjwa sasa. Nitakuandikia barua ya kueleza sababu, ingawa nchi nyingine zinaweza kuikataa."

Kisha alimpa chanjo ya mafua makali na ya nimonia. Alipima damu yake ili kujua kama anahitaji pia chanjo ya homa ya ini.

"Hizi hazitaamsha tumbo langu?" Mativo aliuliza.

"Haijaonekana hivyo. Mkono utauma siku moja au mbili. Ya mafua utarudia kila mwaka. Na mtoto wenu apate chanjo zake zote, na mama naye achanjwe mafua. Nyumba ikikingwa, nawe umekingwa."

Jioni Mativo alimpigia Gichuru simu. Alimweleza yote bila kuficha. Muthoki alisimama mlangoni, ameshika pindo la leso.

"Kampala isahau," Gichuru alisema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Muthoki alifumba macho. "Lakini kuna mzigo wa Nakuru kila wiki. Unajua mahali penye choo safi njiani?"

"Mzee, navijua vyote!"

Gichuru alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Basi Jumatatu, saa kumi na moja asubuhi."

Miezi ya baridi ilipita. Koki alipata mafua, akapona. Mativo alikohoa siku tatu tu, na hakukosa safari hata moja. Alibeba daftari la zamani kila alipokwenda kliniki.

Jumapili moja Asenath alikuja kuwaona. Walikunywa chai kwa chapati. Alipoinuka kwenda, alisema kuna kijana wa mtaa wa Pipeline mwenye ugonjwa kama wa Mativo, ambaye hataki kutoka nyumbani kwa aibu.

Mativo alimsindikiza hadi ngazini.

"Mama Kweyu, usikae sana bila kuja," alisema. "Rudi Jumapili ijayo. Na huyo kijana, tafadhali, njoo naye."