Mwanasesere Asiyeomba Kutengenezwa

Habari za mapenzi za mtaa wetu wa Villa Crespo nazijua zote, tena kabla hazijatokea. Niulize mimi nani anampenda nani, sikosei. Jorgelina na Nazareno, kwa mfano, waliishi juu ya kichwa changu hasa, sakafu yao ndiyo dari yangu; nilijua wameachana baada ya siku nne, na niliambiwa na muuza mboga. Tangu hapo nimeuliza, nimesikiliza, na paliponipita nimeshonea mwenyewe.

Walikutana Jumapili kwenye gulio la Parque Centenario, pale nusu ya Buenos Aires hutoka kushikashika vitu isivyokusudia kununua. Nazareno alikuwa na meza ya vitu vya kuchezea vya zamani. Kazi yake kutengeneza wanasesere: ana miaka arobaini, mgongo umeanza kupinda, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na vidole vinanuka gundi hata siku ya harusi ya watu. Jorgelina akaja amevaa gauni la buluu lenye mifuko mikubwa, nywele kazibana kwa penseli.

"Natafuta mtu," akasema.

"Sote tunatafuta, dada. Wa namna gani?"

"Mwanamume mdogo anayetaka kuondoka."

"Hao wapo bure kila kona ya jiji hili. Kwa nini ununue?"

Jorgelina akacheka bila kupenda. "Mwanasaikolojia wangu ndiye kaniagiza. Anasema ndani yangu tuko wengi. Kila mmoja nimtafutie sura yake, nimweke mezani, tuongee naye."

Kwetu mtu akikwambia hana mwanasaikolojia tunamwonea huruma kama asiye na meno ya mbele, kwa hiyo Nazareno hakushangaa. Alipekua sanduku, akatoa sanamu ndogo ya madini ya risasi, mchukuzi wa mizigo, kainua mguu.

"Huyu mguu mmoja uko nje tayari."

"Ndiye! Huyu ni Mlinzi. Kazi yake kuniondoa kabla sijaachwa."

"Anafanya kazi vizuri?"

"Sana. Hakuna mwanaume aliyewahi kupata nafasi ya kuniacha."

Angeondoka na mchukuzi wake, mimi nikakosa hadithi, lakini macho yake yakaangukia boksi la wagonjwa. Kulikuwa na mwanasesere wa kauri, msichana, mkono mmoja hana, nywele zimeungua upande, gauni rangi ya vumbi. Jorgelina akamshika, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Huyo hauzwi, bado hajatengenezwa," alisema Nazareno.

"Usimguse. Namchukua alivyo."

Hawakuachana siku ile. Majira ya kuchipua maua yalipokwisha, Jorgelina alikuwa amehamia kwake, na viatu vyake vya kisigino vikawa vinanitembelea darini.

Usiku wa kwanza wa joto kali Jorgelina alimweleza Nazareno kisa chake. Akiwa na miaka saba, mama yake alimkalisha juu ya sanduku la nguo kituo cha mabasi cha Retiro. "Nakuja sasa hivi, nakwenda kukununulia biskuti." Mama akapanda basi la Tucumán. Mtoto akangoja mpaka wafagiaji wakamzunguka na mifagio yao.

"Bi Perla, mwanasaikolojia wangu, anasema yule mtoto bado amekaa pale," Jorgelina alisema. "Nikimvuta atakaza. Nikae tu karibu yake mpaka aongee mwenyewe."

"Ameongea?"

"Bado."

Basi mwanasesere akawekwa rafuni, na kila asubuhi Jorgelina alikaa mbele yake na chai yake chungu ya mrija, kimya. Nazareno alikuwa akipita na taulo begani.

"Umemsalimia binti yako?"

"Kanuna. Anasema unakoroma."

"Mwambie na yeye alale na nguo safi basi."

"Mwache, mpenzi. Utani wote ruksa, ila yeye mwache."

Ukafika mwezi wa pili. Mwezi huo wanasaikolojia wote wa Buenos Aires huhamia ufukweni, na jiji hubaki na wagonjwa watupu, joto, na umeme unaokatika. Bi Perla naye akaenda. Jorgelina akaanza kunyong'onyea. Akawa anajibu kwa neno moja, na jioni anasimama karibu na mlango bila sababu, mkoba begani.

"Unatoka?"

"Hapana. Si mimi ninayetaka kuondoka, Naza. Ni sehemu yangu tu."

"Basi iende hiyo sehemu. Iliyobaki iniachie hapa."

Alicheka, lakini mkoba haukushuka begani.

Sasa mwanaume anayejua gundi peke yake, akiogopa atafanya nini? Atagundisha. Siku moja Jorgelina akiwa kazini, dukani kwa miwani, Nazareno alimshusha mwanasesere rafuni. Akamchongea mkono wa mbao, akamshonea nywele nyeusi, akamsafisha na kumpaka midomo inayotabasamu, akamvika gauni jeupe la lesi. Akamsimamisha katikati ya meza, pembeni keki.

Jorgelina akaingia, jasho shingoni.

"Huyu nani?"

"Si unamjua! Mtazame vizuri. Nimemponya."

"Nani alikuomba?"

"Mpenzi, alikuwa anatia huruma. Nilitaka umwone amependeza."

"Mama naye alinipendezesha," alisema Jorgelina. "Asubuhi ile alinivika gauni jipya. Jeupe."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nazareno akabaki na keki yake. Kama angeketi tu hapo chini, mgongo mlangoni, angekuwa mwenye akili. Lakini mikono yake haijui kukaa. Akachukua msumeno mdogo, akaukata ule mkono, akang'oa nywele, akagonga mlango.

"Jorgelina, fungua. Nimemrudisha alivyokuwa. Tazama."

Alifungua. Akamwona mwanasesere, akaliona na vumbi la mbao kwenye mikono ya shati lake.

"Umemkata," alisema, sauti ndogo mno.

Alichukua mkoba na mchukuzi wa risasi. Mlango hakuubamiza, ndiyo sababu mimi mwenye masikio yangu sikusikia kitu.

Ujumbe ukaja kesho yake: *Niko kwa shangazi, Mar del Plata. Usinitafute.*

Nazareno hakumtafuta, lakini alimpigia. Kila siku simu iliita mpaka ikachoka. Wiki zikapita, mwezi wa tatu ukaleta mvua na majani yaliyooza kando ya barabara. Nilikutana naye ngazini, ndevu zimeota, nikamwambia, "Mwanangu, unanuka vibaya kuliko gundi yako." Hakucheka hata kwa heshima.

Asubuhi moja ya mvua, simu ikapokewa.

Nazareno aliruka kutoka kitini. Hotuba aliyoiandaa ikamtoka kichwani.

"Ongea, nakusikia," alisema Jorgelina.

"Nakaa naye asubuhi. Yule mtoto. Nakunywa chai yako, simgusi."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Sijamwuliza."

Nazareno akakohoa.

"Mlinzi yupo? Nataka kuongea naye."

"Ndiye aliyepokea simu."

"Shikamoo, bwana Mlinzi. Pole na kazi."

Jorgelina alitoa pumzi, sijui kicheko sijui nini. "Marahaba. Sema haraka."

"Sikuombi umrudishe. Miaka yote hiyo umemlinda peke yako na mimi nimekuja na msumeno. Nataka kujua tu, anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Saa nyingine."

"Na akitaka kurudi, utamzuia?"

"Ndiyo. Wewe ni mtu wa kutengeneza. Siku moja utamwona yeye mwenyewe ana kasoro, utachoka, utakwenda kununua biskuti."

Nazareno alifuta macho kwa kola ya shati. "Naogopa hivyo hivyo mimi pia," alisema. "Ndiyo maana nilishika gundi."

"Bahari ikoje huko?" akauliza, ili simu isikatike.

"Ya kijivu. Naiona dirishani kwa shangazi. Kuna baridi. Sirudi, Naza. Huku ni mbali, na nimeshazoea."

Hapo ndipo mnoa visu alipopita na baiskeli yake chini ya nyumba yetu, akapuliza filimbi yake, ile sauti inayopanda ngazi na kushuka mbio. Nazareno aliisikia kwa sikio la kulia, kutoka barabarani. Akaisikia na kwa sikio la kushoto, kutoka simuni.

Akasogea dirishani taratibu.

"Filimbi ya nani hiyo?"

"Ipi? Ah... televisheni. Shangazi kaifungulia kwa sauti kubwa."

Nazareno alikuwa ameinama nje mpaka kiunoni, mvua inampiga kisogoni, anautazama utosi wa Jorgelina kule chini barabarani, nywele zilizolowa, mkoba begani.

"Basi mwambie shangazi," alisema, "asogee chini ya paa, analowa."