Aliyepanda na Filipo

Wewe ukimwona papa anakwepa kitu ambacho hakipo, utasema nini? Filipo alisema ni mwanga. Msomi huyo, bachelor ya sayansi ya bahari, GPA ya kujivunia, miaka kibao mtaani na bahasha ya vyeti, hatimaye kapata kibarua: kuwapiga picha papa wa Mnazi Bay ili wageni wavutiwe, wabook. Na katika kila picha papa walikuwa wanapinda, kana kwamba kushoto kwa Filipo kuna mtu.

Kulipaswa kuwe na mtu. Wazamiaji huzama wawili. Mmoja akiishiwa hewa, mwenzake humpa ya kwake. Basic kabisa. Mwenzake alikuwa Esta, lakini kampuni ilimwachisha kazi, eti cost cutting. Filipo alipouliza, meneja akamjibu kwamba wenye degree wamejaa Mtwara nzima, anayeogopa aseme.

Hakusema. Angesema nini, na mwanawe Faraja anataka kula?

Sasa mkono wa mzamiaji una mazoea yake. Hupandi juu bila kumgeukia mwenzako na kumwonyesha dole gumba: tupande. Siku ya kwanza ya upweke wake Filipo aligeuka kushoto, akayaonyesha dole gumba maji matupu. Akajicheka. Kisha akapanda, na kitu kikapanda naye.

Mkewe Veronika, mwalimu, ndiye aliyekisikia. Mchana, mumewe kajilaza, yeye anasahihisha mitihani, akasikia pumzi mbili kitandani. Moja ya Filipo. Nyingine nzito, ya kuvutwa kwenye mpira wa hewa, ikifuatiwa na mapovu. Shuka la upande wa ukutani lilikuwa limelowa, linanuka mwani na damu ya samaki. Siku zilizofuata pumzi ile ikawa inamfuata jikoni, inasimama nyuma ya mlango anaposali rozari, na Faraja akaanza kulala kajisogeza ukingoni, na alipoulizwa anamwachia nani nafasi akasema yule anko aliyelowa, na Filipo naye akawa anakonda, anakohoa maji ya chumvi, midomo imemgeuka rangi kama mtu anayegawana hewa yake na mwingine kutwa kucha.

"Baba Faraja, acha hii kazi," Veronika alinong'ona.

"Nikiacha, na chenyewe kitaniacha?"

Wakatoliki wa Songea hao wakaenda Msimbati kwa mganga, Bi Somoe, ambaye kwanza aliwacheka: wasomi mnamwita jini kwa mkono halafu mnauliza katoka wapi. Alipomshika Filipo kifuani, kicheko kikakatika.

"Umemwalika mwenyewe, mwanangu. Kamrudishe kulekule, umpungie aende. Ila ubavuni pako akae mtu hai. Pakiwa wazi, atajua bado unamtaka."

Esta akasema atakwenda, bure. Meneja akakataa: mtungi mmoja, mtu mmoja, na boti ya kampuni si ya ushirikina. Esta akabaki ufukweni analia. Filipo akashuka peke yake.

Waliokuwa kwenye boti waliona mapovu ya watu wawili, yakienda sambamba. Kisha ya mmoja. Ikaibuka kamera, ikielea.

Picha ya mwisho imepigwa kutoka kushoto kwake. Filipo ameitazama kamera, ameutoa mpira wa hewa mdomoni mwake, anaunyoosha mbele kwa upole, anampa mwenzake apumue.

Kampuni ilitafuta kidogo, ikachoka, ikatoa statement kwamba marehemu alizama kwa hiari yake. Marehemu! Mwili mmeuona wapi? Veronika hajazika. Ameweka godoro sebuleni, analala na mwanawe, kwa sababu chumbani kitanda bado kinapumua, na safari hii ni pumzi anayoijua.

Basi nyinyi mliosaini ashuke peke yake, tokeni kwenye AC. Leteni wazamiaji, wawili wawili, leo, mumpandishe Filipo. Mkishampandisha, mje wenyewe nyumbani kwa Veronika, mkae ukingoni mwa kile kitanda, mmwambie mjane hiyo statement yenu huku mkisikiliza.