Kiti cha Daktari Wima

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Mke wa daktari alikuwa jikoni anachemsha chai, mdogo wake aliyekuja kumtembelea anamenya viazi, na daktari mwenyewe yuko chumba cha nyuma, mikono imezama kwenye beseni la zabibu. Ulikuwa msimu wa kukamua. Nyumba nzima ilinuka mvinyo unaochachuka, na nzi walikuwa wamejaa dirishani. Mdogo mtu ndiye aliyeyasimulia haya baadaye, na yule si mtu wa kutia chumvi.

Huyo daktari watu walimwita Wima. Alikuwa peke yake kwa vijiji vyote vile vya kilimani, na wagonjwa wake aliwaona akiwa amesimama. Alishika mkono wa mgonjwa, akasikiliza mshipa, akasema neno moja tu, "Pumua," akatoa dawa, akaenda zake. Kukaa hakukaa, isipokuwa pale dawa zilipokuwa zimeshindwa kabisa. Hapo ndipo alipovuta kiti karibu na kitanda, akaketi, akaushika ule mkono mpaka mwisho. Kila nyumba ilijua. Fundi seremala alikuwa na mzaha wake: "Mimi simwangalii mgonjwa, naangalia magoti ya daktari. Yakikunjika tu, naenda kununua mbao." Fundi huyohuyo alimchongea daktari kiti cha zawadi ya arusi yake, kizuri cha mbao nzito, na kwa miaka yote kilikaa pale mezani bila kukaliwa.

Mbali na kazi, roho yake ilikuwa kwenye mizabibu nyuma ya nyumba. Mvinyo wake wa kwanza ulikuwa siki tupu. Majirani waliunywa na kuusifu huku machozi yakiwatoka. Hakukata tamaa, na miaka ilivyokwenda ukawa mvinyo wa kweli. Aliyepona alipelekewa glasi. Kidole gumba cha daktari kilikuwa cha zambarau mwaka mzima kwa kuminya zabibu, sabuni ilishanyoosha mikono.

Mkewe alimpenda, jamani, na alikuwa amechoka. Asubuhi wagonjwa, jioni mapipa. Chai ya mume wake ilipoa mezani kila siku.

"Kaa basi, mume wangu," alimwambia siku ile. "Tunywe chai kama watu."

"Kuna mtu ananisubiri ng'ambo ya kilima."

"Kila siku kuna mtu. Na mimi je? Au mpaka niugue ndiyo unione?"

Mdogo mtu akainamia viazi vyake. Daktari akacheka, akajifuta mikono, akachukua mkoba.

"Nikirudi nitakaa. Naahidi. Tena nitakaa mpaka unifukuze."

"Nenda zako," mke akamjibu bila kumtazama.

Walimkuta jioni kwenye uzio wa mizabibu yake, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Ameegemea nguzo, mkoba mkononi, uso umeelekea nyumbani. Alikuwa ameshakufa, na alikuwa bado yu wima.

Mazishini mke hakulia. Watu wakasema ana moyo mgumu, na watu hawajui kitu. Yale maneno mawili, nenda zako, hayakumtoka masikioni. Aliyasikia akifua, aliyasikia akifagia. Angetoa nyumba, mapipa, kila kitu, apate kumwona mumewe mara moja tu ayafute.

Siku si nyingi, fundi seremala akaugua. Mke wa daktari akampelekea maziwa. Fundi alisubiri watu watoke, ndipo akanong'ona:

"Shemeji. Mumeo alikuja jana mchana."

"Una homa wewe."

"Nina homa, sina wazimu. Alisimama hapo hapo ulipo. Hakukaa."

Akafunua mkono wake. Juu ya mshipa palikuwa na alama ya kidole gumba, ya zambarau. Mke wa daktari aliisugua kwa kitambaa chenye maji. Haikutoka.

Fundi akapona. Akafuatia bibi mshonaji wa kule bondeni. Binti yake alitoka kuteka maji, na aliporudi alikuta kiti kimevutwa karibu na kitanda. Mama mtu alikuwa ameshakata roho. Mkono wake ulikuwa juu, haujagusa shuka, umeshikwa na hewa tupu. Kisha ukaanguka taratibu. Alama ilikuwepo.

Basi watu wakaanza kufunga milango mchana. Nyumba zenye mgonjwa zilitoa viti vyote nje. Mke wa daktari peke yake ndiye hakuogopa. Alichokuwa nacho ni wivu, wivu hasa, kama wa msichana. Kwa seremala ameenda, kwa mshonaji ameenda. Kwake haji. Kila alasiri alivuta kile kiti cha arusi, akaweka vikombe viwili, akangoja. Chai ikapoa. Siku moja akajitazama kwenye kioo, akayaona mashavu yake yamejaa afya, na akaelewa kwa nini.

Mvua za kwanza ziliponyesha alitoka na nguo nyepesi, akaketi chini ya ile nguzo ya uzio, akaloa mpaka kwenye mifupa. Kesho yake tena. Mdogo wake, aliyebaki naye tangu msiba, alimburuta ndani akipiga kelele.

"Dada, unataka kujiua?"

"Nataka anione," alijibu, meno yakigongana.

Ikamshika homa ya mapafu. Kila pumzi ilimchoma ubavuni. Aliomba kiti cha arusi kiwekwe karibu na kitanda, na mdogo wake alikataa kata kata. Kisha akalia, akakileta, akakiweka mbali, ukutani.

Alasiri moja mdogo mtu alikwenda jikoni kuchemsha maji. Mvua ilikuwa inanyesha. Mgonjwa alifumba macho.

Nzi waliingia kwanza. Kisha harufu. Zabibu zinachachuka, na msimu ulikuwa umepita zamani.

Mlango haukulia. Bizimu ya mkoba ililia. Kidole cha baridi kikatua juu ya mshipa wake.

"Pumua."

Akapumua. Akasikiliza. Aliyeinama juu yake hakuwa anapumua.

Alifumbua macho. Alikuwa yeye. Koti lile lile, kifungo kile kile alichokuwa hajamshonea. Macho yake yalitazama mkono tu, kama alivyotazama mikono ya wagonjwa wote.

"Nitazame," alinong'ona.

Akamtazama.

"Nilikuambia nenda zako. Sikutaka uende."

Macho ya daktari yakarudi mkononi.

"Kaa. Uliahidi."

Daktari aligeuza kichwa kuelekea ukutani. Kiti kilikuwa hakipo ukutani tena. Kilikuwa karibu na kitanda. Magoti yake yakaanza kukunjika. Chumba kikafifia. Moyo wa mke ukapunguza mwendo. Vidole vyake vikafa ganzi. Sauti ya mvua ikawa mbali. Hapo, kwa mara ya kwanza, aliogopa. Aliogopa vibaya sana, na bado hakutaka asimame.

"Dada?" mdogo wake aliita kutoka jikoni.

Magoti yakanyooka. Daktari akatikisa kichwa, polepole, kwa huzuni iliyomkata mkewe kuliko yale maumivu ya ubavu. Akakibeba kiti mikononi. Akatoka.

Mdogo mtu aliingia mbio akiita. Chumba kilikuwa kitupu, kiti hakipo, na dirishani kuna glasi iliyojaa mvinyo.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Alipoambiwa atapona, mke wa daktari alilia. Alilia kilio chote ambacho hakukilia mazishini, kwa sauti, mpaka majirani wakaja.

Kiti walikikuta nje, katikati ya mizabibu, kimeelekea dirisha la chumba chake. Miguu yake minne ilikuwa imezama kwenye tope, vile kinavyozama kiti alichokalia mtu mzito usiku kucha. Ardhi yote ilikuwa laini. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Amekaa," mke alisema dirishani. "Kwangu hapa amekataa. Amekwenda kukaa kule."

Alikataza mtu kukigusa. Toka siku hiyo, kila alasiri alikunywa chai yake pale dirishani, akiongea taratibu na mizabibu kuhusu bei ya sukari, goti lake linalouma, na mvua iliyochelewa. Wapita njia walimcheka, ila hakuna aliyekata njia kupitia kwenye mizabibu ile. Akazeeka hivyo. Hakumfukuza hata siku moja.

Ilikuwa kiangazi kikali, ardhi imepasuka, visima vimekauka, mdogo mtu alipoingia chumbani na vikombe vya chai. Dada yake alikuwa amelala chali, uso umetulia, mkono mmoja umenyooshwa nje ya shuka. Kando ya kitanda kilikuwepo kiti cha arusi. Miguu yake ilikuwa inadondosha tope bichi.

Alama ya kidole ilikuwa mkononi. Mkono haujagusa shuka.

Mdogo mtu alirudi kinyumenyume. Alijisikia kama mtu aliyefungua mlango akakuta mke na mume wanazungumza.

"Samahani, shemeji," alinong'ona, akafunga mlango.

Alipokuja na watu, mkono ulikuwa umelazwa kifuani, na kiti hakikuwepo, si ndani, si nje. Zilibaki alama nne za tope sakafuni. Zimefutwa, zimeoshwa, zimepigwa saruji juu. Mpaka leo ziko pale, na ukizigusa, ni mbichi.