Risasi za Udongo

Fyuu. Pa. Fyuu. Pa.

Kabla hujamwona mtoto hata mmoja, ulisikia midomo yao ikilia kama bunduki. Sauti ilitoka ng'ambo ya kijito, nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wa Bel-Air, penye vichaka na matanuri ya zamani. Wanawake waliokuwa wakipalilia mihogo hawakuinua hata vichwa. Walijua kwamba masomo yamekwisha, na kwamba Kalaba na kundi lake wameshuka tena kwenye sayari.

Sayari ilikuwa mali ya Kalaba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeizua. Mwaka ule watu wazima walizungumza sana juu ya roketi zilizorushwa huko kaskazini mwa mkoa wetu wa Shaba. Walibishana zimekwenda wapi. Kalaba hakubishana. Aliwaambia wenzake kwamba moja imeshatua kwenye sayari ya mbali, nao ndio walioipanda. Kichuguu kirefu kando ya kijito kikawa roketi. Matanuri yaliyobomoka, ambamo mababu waliyeyusha shaba kabla reli haijafika, yakawa mji wa watu waliokufa zamani, watu warefu waliokula moto. Chini palitapakaa mawe meusi yaliyowahi kuyeyuka, yakimetameta kama chupa. Upepo ulipopita kwenye matundu ya matanuri, ulitoka mvumo mnyonge, na watoto wote walinyamaza, maana sauti hiyo hakuna aliyekuwa akiiigiza.

Sheria zilikuwa chache. Wasafiri hutoka kwenye roketi, huingia mjini, hugusa tanuri kubwa la katikati, kisha hurudi. Walinzi huwapiga kwa manati. Risasi ni udongo mtupu, uliofinyangwa ukakauka juani, unaovunjika ukigusa ngozi. Aliyepigwa amekufa. Naye maiti hulala pale pale alipoanguka, hasemi wala halii, mpaka kapteni apige mluzi.

Kapteni alikuwa Kalaba siku zote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mikono mirefu, na jicho lisilokosa shabaha. Aliwapenda wenzake kama mtu anavyopenda viatu vyake. Mtoto aliyelia akiwa maiti aliondolewa vitani akawa mchota udongo, na Kabwe, rafiki wa Kalaba, alimtungia jina la kejeli ambalo lilimfuata mpaka darasani. Kwa hiyo watoto walijifunza kuumia kimya. Walijivunia jambo hilo.

Ndipo akaja Zabibu, msichana wa kwanza kwenye sayari. Alikuwa binti wa Mama Alima, muuza vitenge, na wa Asumani, fundi wa kushona aliyefanya kazi Kipushi na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Alikuwa mdogo kwa umbo, na alikimbia kwa kujipinda kama moshi. Siku ya kwanza aligusa tanuri kubwa akarudi bila vumbi la risasi mgongoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alisimama juu ya kichuguu, akamwuliza Kalaba kwa upole kama manati yake inahitaji miwani.

Watoto walicheka. Hata Kabwe alicheka, na hilo ndilo lililomchoma Kalaba zaidi.

Jioni ile Kalaba alivuta mkebe uliofichwa chini ya kitanda cha wazazi wake. Baba yake, Mutale, alikuwa fundi wa mota katika karakana ya kampuni ya shaba, na ndani ya mkebe kulikuwa na vipande vya nyaya za shaba alivyovitoa kazini ndani ya soksi, kimoja kimoja, ili atengeneze redio za majirani. Kila mtoto wa mtaa alijua kinachompata mfanyakazi akikutwa na shaba kwenye lango la kampuni: kazi imekwisha, na posho ya unga imekwisha. Kalaba alichukua nyaya nyembamba, akazikata vipande vidogo, akazikanda ndani ya udongo. Risasi zikawa nzito. Zikaruka moja kwa moja. Kwa nje, hakuna ambaye angezitofautisha na nyingine.

Kesho yake Zabibu aligusa tanuri kubwa, akageuka, na risasi ikampata usoni.

Alianguka kwa magoti, kisha kwa ubavu. Aliweka viganja vyote viwili juu ya jicho la kulia, akauma ncha ya kitambaa cha kichwani. Hakusema kitu. Maiti hasemi. Mchezo uliendelea juu yake. Watoto walimruka wakikimbia, na mmoja akamsifu kwamba amekufa vizuri kuliko wote. Kalaba aliona damu kati ya vidole vya Zabibu. Aliiona, akachelewesha mluzi, kwa sababu alitaka kwanza apate la kusema.

Alipopiga mluzi, Zabibu hakuinuka.

Kwenye zahanati ya jirani mwuguzi aliosha jicho, akatoa chembe za udongo, akauliza kama palikuwa na jiwe, au chuma, au chochote kingine. Mama Alima hakujua. Basi akamwendea aliyekuwepo. Alimkuta Kalaba akiteka maji bombani.

"Kalaba, mutoto wangu, weye njo ulikuwa mukubwa wao. Nini ilimupiga Zabibu?"

"Udongo, mama."

"Udongo tu?"

"Udongo tu."

Mama Alima alimshukuru. Alirudi zahanati na jibu hilo, na mwuguzi akampa dawa ya jicho lenye vumbi.

Lakini jicho halikupona. Lilivimba, likatoa usaha, mboni ikafunikwa na ukungu. Majirani walianza kuingia uani, kila mmoja na maelezo yake. Léonie, mama aliyekaa nyumba ya pili, alisema kile ambacho wengine walikuwa wakikinong'ona. Mahali bankambo, yaani mababu, walipoyeyusha shaba, mwanamke hakanyagi. Tangu zamani wanawake walikaa mbali mpaka moto uzimwe. Binti huyu alikwenda mpaka tanuri lenyewe, akaligusa kwa mkono, tena kwa kucheka. Sasa wenye tanuri wamelichukua jicho. Akaongeza kwamba hospitali haina dawa ya deni la namna hiyo.

Mama Alima aliomba Mungu, akakataa kusikiliza. Lakini usiku na mchana mtoto alilia, na hofu haihitaji mlango. Akamwita Kalaba tena, mbele ya wanawake wote, amwambie kama aliona kitu cha ajabu siku ile.

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja la kweli lingetosha. Kalaba aliwatazama wanawake wale, akaona kwamba tayari wanalijua jibu wanalolitaka, akawapa.

"Niliona moshi," alisema. "Zabibu alipogusa tanuri, moshi ilitoka mule ndani."

Léonie alipiga makofi taratibu, kama mtu aliyelipwa.

Tangu saa ile hakuna aliyetaja hospitali. Walileta udongo wa tanuri, wakausaga, wakampaka Zabibu kuzunguka jicho lililooza. Asumani alipotoka Kipushi aligomba, lakini wanawake walimjibu kwamba yeye hakuwepo, na kapteni aliuona moshi. Wasichana wa mtaa walikatazwa kukaa naye mkeka mmoja. Njiani watoto walimwimbia kwamba mke wa tanuri anapita. Kabwe alibuni mchezo mpya: kumtupia Zabibu vibonge vya udongo kutoka upande wa kulia, ambako haoni, na kuhesabu ushindi kila alipojikinga upande usio sahihi. Kalaba alisimama hapo. Hakutupa. Hakuzuia.

Siku moja Zabibu mwenyewe alimjia. Alitembea akiwa ameushika ukuta, kwa maana sasa hata jicho la kushoto lilikuwa jekundu na kuchuruzika machozi juani. Kalaba alitaka kuondoka. Zabibu alimwita kwa cheo chake.

"Kapteni, ile moshi ilitoka upande gani wa tanuri?"

"Kwa nini unauliza?"

"Miye sikuiona. Nataka unionyeshe mahali, niende nipige magoti, niombe musamaha. Mama iko analia kila siku. Labda bataniachia hili jicho lingine."

Aliuliza bila hasira. Alimwamini. Alikuwa tayari kwenda kupiga magoti mbele ya udongo uliobomoka, awaombe radhi wafu ambao hawakumtendea lolote, kwa kosa la mtu aliyesimama mbele yake.

Kalaba alikimbia mpaka nyumbani. Baba yake alikuwa ameketi kula bukari, ugali wa kwetu, na samaki wakavu, bado amevaa ovaroli ya kazi. Mama yake, Mwaba, alimwambia anawe mikono. Hakunawa.

"Baba, mu ile udongo mulikuwa shaba. Ile ya mukebe yako. Ni miye nilimupiga. Moshi haikukuwa."

Mkono wa Mutale ulibaki ndani ya bukari. Mwaba alianza kusema kwamba jambo hili libaki kati ya kuta hizi, kwamba jicho limeshaharibika na kazi bado ipo, kwamba wana watoto wengine wanaokula. Mutale alimsikiliza mkewe mpaka mwisho. Kisha akamtazama mwanawe kama mtu anayeangalia mashine iliyoungua mikononi mwake.

"Vaa viatu," alisema.

Walikwenda kwa Mama Alima. Mutale hakuomba kikao wala hakuzunguka na maneno. Alisema kilichomo ndani ya jicho na kilikotoka. Mama Alima alimpiga Kalaba kofi moja, akamfunga Zabibu kitambaa usoni, wakaondoka wote kwenda hospitali kubwa ya mjini. Ukumbi wa kungojea ulijaa watu, na baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa kampuni. Daktari alipouliza ni shaba ya namna gani, Mutale hakushusha sauti.

Daktari alikuwa mtu mchovu, asiye na maneno ya kubembeleza. Alimulika jicho la kulia, halafu la kushoto, kisha akawaeleza. Udongo huoshwa ukatoka. Shaba ikiingia ndani ya jicho haikai kimya. Inaliozesha, kipande kidogo kama kucha ya mdudu kinatosha. Angeambiwa siku ya kwanza, angekitafuta na kukitoa. Sasa jicho la kulia limekufa, na la kushoto limeanza kuugua kwa sababu ya mwenzake. Likiondolewa lile bovu leo, huenda hili likapona. Wakingoja, Zabibu atakuwa kipofu.

Walilitoa siku hiyo hiyo.

Kesho yake habari ilifika kazini kabla Mutale hajafika. Aliitwa ofisini, akarudi bila kadi yake ya kazi. Jioni Mwaba alikung'uta gunia la unga mpaka likatoa vumbi tu. Hakumtazama Kalaba. Mutale alimwita mwanawe, wakaenda pamoja hospitali kumwona mgonjwa, na hapo nje ya wodi, wakisubiri mlango ufunguliwe, baba alisema naye.

"Ulinyamaza ili kunilinda?"

Kalaba alijibu kwamba mwanzo aliogopa kuchekwa. Hofu ya kazi ilikuja baadaye.

"Basi sikiliza, na usisahau. Shaba niliiba miye, na hiyo ni zambi yangu, nimeilipa. Lakini hesabu vizuri. Ungesema siku ya kwanza, ningepoteza kazi, na mutoto angebaki na macho yake. Umesema sasa: kazi imepotea, na jicho limepotea. Uongo wako haukumulinda muntu. Uliongeza tu vya kupoteza."

Mlango ulifunguliwa. Mutale hakuingia, alimsukuma Kalaba begani aingie peke yake.

Zabibu alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cheupe kimezunguka kichwa chake. Jicho la kushoto lilikuwa wazi. Wekundu ulikuwa umeanza kupungua, na lilimfuata Kalaba tangu mlangoni mpaka alipokoma. Kalaba alianza kuomba msamaha. Zabibu alimkatiza.

"Mama Léonie alikuja asubuhi. Anasema daktari alitoa shaba, ndiyo, lakini ni wenye tanuri njo baliituma mu jicho. Wasichana bado hawakai na miye. Kweli, baba yako aliisema kwa daktari, ndani ya hospitali. Lakini ile moshi, weye uliisema mbele ya bantu wote."

Kalaba aligeuza uso. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kuzungumza.

"Jumamosi kuna Salongo," alisema mwishowe. "Bantu bote ba avenue batakuja na majembe kusafisha mifereji. Nitasimama mbele yao. Nitamwita Mama Léonie kwa jina, asikie. Nitasema: ni miye Kalaba, niliweka shaba mu udongo, nilimupiga Zabibu, halafu nikasema uongo. Moshi haikutoka. Ba mu tanuri hawakufanya kitu."

"Kabwe atakucheka."

"Acha acheke."

"Na bakikupiga?"

Kalaba alisogea karibu na kitanda. Safari hii hakugeuza uso.

"Bakinipiga, nitasema huku banapiga. Nakuahidi, Zabibu, mbele ya hawa bote: nitasema mpaka mwisho."