Kurasa Zisizo na Kosa

"Chui, rudi ofisini. Hatuna ushahidi."

Sauti ya mkuu wake, Bwanausi, ilikwaruza sikioni. Chui lilikuwa jina la kazi la Hajra. Aliongeza moto, pikipiki yake ya Honda ikanguruma kuelekea ufukwe wa Mbegani.

Mbele yake, Prado nyeupe ilitimua vumbi.

Ndani alikuwamo Dokta Keller, na hukumu za kale za makadhi, mali ya ukoo wa Bi Biubwa wa Mji Mkongwe, Bagamoyo.

Idara ya upelelezi, ikishuku magendo ya hati, ilikuwa imempachika Hajra kama karani katika mradi wa Keller. Walipiga picha hati, kisha programu ya kompyuta ikasoma mwandiko wa Kiswahili wa herufi za Kiarabu na kuuchapa. Kazi ya kukera. Programu iliona "mahari", ikachapa "bahari". Mstari baada ya mstari Hajra alisahihisha, huku macho yakimuuma. Na dalili ya magendo hakuiona.

Mpaka asubuhi hiyo.

Programu ilisoma ukurasa mzima bila kosa. Ukafuata mwingine. Wenzake walipiga makofi.

Hajra aliinamia hati yenyewe. Kila tundu la mchwa lilikwepa herufi, kana kwamba wino uliandikwa juu ya karatasi iliyokwisha kutobolewa.

Bandia. Keller alikuwa amebadilisha hati, na gari lake halikuwapo uani.

Hajra alipiga simu.

"Umejuaje?" Bwanausi aliuliza.

"Mashine imezisoma vizuri mno, mkuu."

"Huo si ushahidi. Subiri kibali."

Hakusubiri. Mlinzi wa langoni alimwonyesha njia aliyoshika Keller.

Sasa Prado ilisimama mchangani. Boti ya mwendo kasi ilikuwa ikiunguruma majini. Keller alishuka na sanduku, akakimbia.

Hajra alichomoa Glock.

Risasi mbili. Injini ya boti ilikohoa, ikanyamaza. Nahodha akainua mikono.

"Weka chini, Dokta."

Keller aligeuka, jasho likimtiririka. "Hajra? Wewe ni karani wangu."

"Nilikuwa."

Alimfunga pingu, akafungua sanduku. Hati zote zilikuwamo, kavu.

Polisi aliowaita walifika na Bi Biubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alizigusa karatasi, akachomoa moja. "Hapa pana hukumu iliyomwachia huru bibi mzaa bibi yangu kutoka utumwani."

Simu ikaita.

"Chui, nataka maelezo kwa maandishi," Bwanausi alifoka. "Kwa nini umekaidi amri?"

Hajra alizima simu. Alivaa miwani ya jua, akawasha Honda, akaondoka bila kugeuka nyuma.