Kiti Ambacho Hakikuagizwa

Wenzangu wa Tanga, kila alasiri baada ya sala, Bi Mehrunissa alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyethubutu kumkatiza. Aliketi barazani kwake akichambua mbaazi, simu kaiegemeza kwenye kopo la unga, akimsikiliza dada yake Inara. Inara aliolewa Ureno miaka arobaini iliyopita, lakini Kiswahili chake kilibaki kile kile cha Mwera, walikokulia wote wawili nyuma ya duka la baba yao. Alikuwa akituma ujumbe wa sauti mrefu, wa utani mtupu. "Njoo unikune mgongo, Mehru," alikuwa akisema. "Hawa wa huku wanajua kila kitu, kukuna hawajui." Bi Mehrunissa alicheka peke yake mpaka wapita njia wakageuka kumtazama.

Mumewe alishafariki. Ndugu wengine wote walishatangulia. Aliyebaki hai na kukumbuka jina la mbuzi wao wa utotoni alikuwa Inara tu. Nalisema hili mapema ili msije mkamwona bibi huyu amehangaika bure.

Basi siku moja sauti iliyotoka kwenye simu haikuwa ya Inara. Ilikuwa ya bintiye, Mehjabeen. Alisema madaktari wamekata tamaa, na kama Khala Mehru, ndivyo anavyomwita dada huyu wa mama yake, anataka kumkuta mama akiwa hai, asingoje mwezi wa saba kama walivyopanga. Bahati nzuri viza ilikuwa imeshatoka. Kilichobaki ni tiketi na miguu, na miguu ya Bi Mehrunissa ilikuwa mibovu. Kutoka barazani hadi msikitini alipumzika mara mbili.

Mwanawe ni Aliraza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mnamjua. Si mtu mbaya Aliraza, wala hajawahi kumpandishia mama yake sauti. Ugonjwa wake ni mmoja, nao tunao wengi: kila mama akimwomba jambo, jibu liko mdomoni kabla ombi halijaisha. Dawa? Nimeshaagiza. Fundi wa bomba? Nimeshamwambia. Kisha husahau, na mama huoga kwa ndoo wiki nzima huku akimtetea mwanawe kwa majirani.

Sabiha, anayekatisha tiketi mjini, alimkalisha Aliraza akamweleza vizuri. Ulaya sasa wana utaratibu mpya mipakani. Mgeni anapigwa picha ya uso, anaweka vidole kwenye kioo, anaulizwa maswali, na foleni imekuwa ndefu mno. Mama atabadilisha ndege kwenye uwanja mkubwa, na foleni hiyo ataikuta hapo kabla ya kuendelea Ureno. Piga simu shirika la ndege, alimwambia, uombe kiti cha magurudumu, siku mbili kabla ya safari. Ni bure. Mtu atamngoja mlangoni mwa ndege amsukume hadi dirisha la wazee na wagonjwa. Akamwandikia namba kwenye karatasi.

Aliraza akaitia karatasi mfukoni. Siku ile lori la saruji lilikuwa linashusha mzigo. Kesho yake kulikuwa na mteja kutoka Muheza. Siku ya tatu, mama yake akifunga sanduku, akamuuliza kama kiti kimepatikana.

"Nimeshapiga, mama," alisema. "Ukifika kule utamkuta mtu na kiti. Wewe msubiri tu mlangoni."

Alikusudia kupiga asubuhi. Ndivyo alivyojiambia, nami namwamini. Asubuhi alimkodia mama gari la kumfikisha Dar es Salaam, akambusu mikono, akakimbilia dukani.

Ndege ilitua Ulaya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege ya Ureno ilikuwa ya saa tatu na nusu, kwa hiyo muda ulikuwepo. Abiria walishuka, nao wakaenda mbio. Bi Mehrunissa alisimama kando ya mlango, mkoba kifuani, kama alivyoambiwa. Viti vilikuja vinne. Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Dada mmoja mwenye sare alitazama orodha yake, akatikisa kichwa, akamwonyesha njia ya kwenda. Bi Mehrunissa akamjibu kwa Kiingereza chake cha dukani kwamba mtu wake anakuja. Aliona vibaya kuondoka. Mtu ameitwa kwa ajili yako, atoke huko aliko na kiti chake, afike asikukute? Huo si ustaarabu.

Alimngoja kwa dakika hamsini. Wafagiaji waliingia ndani ya ndege wakatoka. Mwishowe mlango ukafungwa, akabaki peke yake katika ujia mrefu wa vioo, na hapo ndipo woga ulipomshika. Akaanza kutembea kufuata mishale.

Foleni ilikuwa imejikunja mara saba. Ndege tatu nyingine zilikuwa zimeshatua. Alisimama mwisho kabisa, magoti yakiwaka moto, akingoja lile ambalo Tanga halichelewi: mtu ageuke aseme mama, pita mbele. Benki wanasema. Hospitali wanasema. Hata kwa muuza vitumbua wanasema. Hapa kila mtu alikuwa ametazama simu yake. Mtoto mchanga alilia nyuma yake, naye kwa huruma akawapisha wazazi wake. Waliokuwa nyuma yao wakadhani wamepishwa wote, wakapita. Hakujua awaambieje. Watu mia nne mle ndani, na hakuna hata mmoja ambaye angeulizwa huyu ni nani angejibu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio kabla hayajafika shavuni.

"Shikamoo, mama," sauti ilisema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, Bibiana, mwalimu wa kwaya ya Walutheri kutoka Muheza, aliyesafiri ndege ile ile. Yeye alikuwa amefika dirishani akarudishwa, barua yake ya mwaliko ilikuwa ndani ya simu na simu imezima. Ameichaji, sasa anaanza upya. Bi Mehrunissa aliitika marahaba, akaushika mkono wa mwanamke yule asiuachie.

Bibiana aliposikia habari ya kiti alisema ni vizuri wapate jina la huyo mtu, pengine anazunguka akimtafuta. Akamwunganishia simu na mtandao wa uwanja. Aliraza alipokea mara moja.

"Aliraza, yule mtu wa kiti anaitwa nani?"

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Niko kwenye foleni. Nilimsubiri mlangoni sana, sikumwona. Isije ikawa masikini ananitafuta."

Bi Mehrunissa alisikia kengele ya mlango wa duka, na mtu akiulizia bei ya misumari.

"Mama, sikupiga," Aliraza alisema. "Nilikwambia nimepiga, lakini sikupiga."

Bibiana, aliyekuwa amesimama karibu, aliangalia pembeni. Bi Mehrunissa akasema, "Haya, mwanangu. Ngoja nisogee, watu wanasonga."

Bibiana alienda mbele akawaomba watu, mmoja mmoja, kwa Kiingereza na kwa ishara. Wengi walikubali. Hawakuwa makatili, ni vile tu hawakuwa wamemwona. Lakini dirishani vidole vya Bi Mehrunissa, vikavu kwa miaka ya kuchambua na kufua, vilikataa kusomeka mara tatu. Alipoulizwa anakwenda kwa nani, anwani ilikuwa kwenye karatasi chini kabisa ya mkoba. Walipomruhusu kupita ilikuwa saa nne kasorobo. Ndege ya Ureno ilishaondoka. Iliyofuata ilikuwa ya saa tisa.

Bibiana alimsindikiza hadi kwenye kiti cha kungojea, akamnunulia chai, akaaga, kwa kuwa naye alikuwa akingojwa na wenyeji wake. Bi Mehrunissa alikaa hapo saa tano, bila kuinywa ile chai, akitazama ubao wa ndege.

Inara alifariki saa saba mchana.

Mehjabeen hakumficha kitu. Alimwambia kwamba tangu alfajiri mama alikuwa macho, na kila mlango ulipofunguliwa aliuliza, "Mehru amefika?" Wakamwambia yuko njiani. Aliendelea kuuliza mpaka sauti ikaisha, kisha akawa anatazama mlango tu. Bi Mehrunissa alimkuta amefunikwa shuka. Aliingiza mkono chini ya mgongo wa dada yake, akamkuna polepole, akimsemesha Kiswahili, na wauguzi wakatoka nje wakawaacha.

Alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii Aliraza alikuwa ameagiza viti kila uwanja, na alikwenda Dar es Salaam mwenyewe kumpokea. Njia nzima alingoja agombezwe. Mama yake alimuuliza habari za duka, na kama anakula. Ndugu zangu, kuna mtu anayetamani matusi ya mama yake na asiyapate. Nilimwona Aliraza kwa macho yangu, amekonda.

Siku moja alasiri alimkuta barazani na ungo wa mbaazi, na simu haipo. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, mwakani nitafunga duka. Nitakupeleka Ureno mwenyewe, mkono kwa mkono."

Bi Mehrunissa aliendelea kuchambua. "Kwa nani, Aliraza?" alisema.

FUNZO

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, kwa mwongo. Kwa aliyedanganywa njia ni ndefu, nayo huitembea kwa magoti yake mwenyewe. Neno "nimeshafanya" tunalowatupia wazazi ili watuache tuendelee na shughuli zetu tunaliona dogo, kwa sababu mzazi hatushtaki. Kama hujafanya, sema hujafanya. Mzee atajua atafute mwingine wa kumsaidia, nao wapo.

Na mnaowasafirisha wazee siku hizi, mipaka imebadilika. Msiwakatie tiketi yenye muda mfupi wa kubadilisha ndege. Barua na anwani viwe kwenye karatasi, mkononi. Kiti kiombwe mapema, na usikie kwa masikio yako kikithibitishwa. Ikiwezekana, nenda naye. Simu ile ingemchukua Aliraza dakika kumi, na saruji ingemngoja.