Dawa ya Mgongo na Usukani

Kila asubuhi dereva wa gari la mikate aliamka ameshika kiuno. Miaka kumi na saba ya kubeba kreti na kukaa kwenye usukani si mchezo. Wenzake kiwandani walimwita Taratibu, maana hakuwahi kugonga hata kuku.

Wiki hiyo maumivu yalizidi. Akaenda hospitali, akapewa vidonge vikali. Kesho yake akameza viwili kwa chai. Mkewe, aliyekuwa ameanza darasa la watu wazima, akakichukua kikasha, akakisogeza penye mwanga. Akasoma kwa kidole.

"Dawa hii... ina-le-ta usingizi. Usi-endeshe gari."

Mumewe akacheka. "Mwalimu mkuu kasema! Hayo wanaandikiwa walevi. Mimi nimeandikiwa na daktari."

"Baba watoto, wamesema usiendeshe. Piga simu kazini, omba ruhusa leo."

"Na mikate itajipeleka yenyewe madukani?"

Akatia kikasha mfukoni, akaondoka.

Ilipofika saa mbili, mgongo haukuuma hata kidogo. Lakini kope zilikuwa nzito. Alijiambia atapumzika akifika duka linalofuata. Hakufika. Gari lilipanda ukingo wa barabara, likamkumba mama mmoja aliyekuwa akifagia. Mguu wake wa kulia ulisagika chini ya gurudumu.

Askari wa barabarani walimpulizisha kipimo cha pombe. Hakikuonyesha kitu.

"Mnaona? Mimi sinywi," alisema, ulimi ukimteleza.

Askari wakatazamana. Wakampeleka kupimwa damu. Kikasha wakakikuta mfukoni.

Alipotoka kwa dhamana, yeye na mkewe walikwenda kwa jirani yao, karani wa mahakama.

"Jirani, dawa ni halali," alisema dereva. "Cheti cha daktari ninacho. Kosa langu ni nini?"

"Kumeza si kosa," karani akajibu. "Kosa ni kuendesha wakati dawa imekulevya. Sheria haiulizi ulilewa kwa chupa au kwa kidonge. Inauliza kama ulikuwa na uwezo wa kuendesha. Cheti kinaonyesha dawa hukuiba. Mama wa watu aliyeumia hakimsaidii, wala wewe hakikuokoi."

"Basi nitasema onyo sikuliona." Akamgeukia mkewe. "Nawe utasema hivyo hivyo. Tumeelewana?"

Mkewe akatikisa kichwa.

"Mume wangu, shida na raha nimekula nawe. Hata gerezani nitakuja kukuona. Lakini uongo huo siusemi. Nilikusomea kwa mdomo wangu huu."

Dereva akanyanyuka, akatoka bila kuaga. Siku tatu hakumsemesha mkewe. Siku ya kesi alisimama kizimbani, akamwona yule mama wa fagio akiingia kwa magongo, mguu wa kulia wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini. Maneno aliyoyapanga yakamkaukia mdomoni.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema. "Nilionywa."

Hakimu alimfunga miezi minane. Leseni yake ilizuiwa miaka mitatu.

Alipotoka, kiwanda kilimrudisha, lakini si kwenye gari. Alipangwa kufungasha mikate. Yeye mwenyewe alimwomba meneja kila dereva aulizwe asubuhi kama ametumia dawa. Meneja akakubali.

Siku moja dereva mmoja alimwonyesha vidonge. Alikuwa ameng'olewa jino.

"Hivi vina neno?"

"Soma hapa. Usipoelewa, muulize mfamasia. Na siku nyingine mwambie daktari mapema kwamba wewe ni dereva, akutafutie dawa inayokufaa. Vidonge usiviache kwa kiburi. Gari ndilo uliache."

Siku hiyo yule dereva alifungasha mikate. Jioni alirudi kwake mzima, na barabarani hakuumia mtu.

Jumapili iliyofuata Taratibu alikwenda kwa mama wa fagio. Alimkuta ameketi kibarazani peke yake.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

Mama akamtazama.

"Radhi nimekupa zamani," alisema. "Kuchukia nako ni kazi, na mimi kazi siwezi tena." Akatazama mawingu. "Haya, nishike mkono. Mvua inakuja, na mimi siwezi kukimbia."

Akamshika. Kutoka pale hadi mlangoni zilikuwa hatua tano tu. Mvua iliwakuta kwenye hatua ya tatu.